BRASHI ILIYOKAUKA NA DAKIKA 10 ZA MWISHO

(Maneno haya yalisemwa mbele ya mafundi wa rangi na vijana wanaojifunza kazi, baada ya mkutano wa mwezi wa tawi letu. Yamepigwa chapa ili wenzetu walio katika stesheni za mbali nao wayasome.)



Kamati imetuomba tuseme nanyi juu ya brashi ya rangi. Labda mmoja wenu anasema moyoni, "Je, Chama kimekosa la kusema, hata kije kutufundisha kuosha brashi?" Ndugu, ngojeni kidogo. Neno hili limefika mbele ya Kamati kwa sababu ya mshahara. Mahali pamoja pa kazi kijana mmoja, fundi wa rangi, alikatwa fedha kwa kuwa brashi 3 alizopewa zilionekana zimekauka zikawa kama mbao. Hakuulizwa alipewa kitu gani cha kuzioshea. Hakuulizwa brashi zilikuwa wapi king'ora kilipolia. Karani wa stoo aliandika "zimeharibiwa", na kalamu ikamaliza kazi yake.

Kwa hivyo leo twataka kusema mambo matatu. La kwanza, kwa nini brashi hukauka ikawa ngumu. La pili, namna ya kuifufua, na namna ya kujua kama haifufuki. La tatu, ni wajibu wa nani kuiosha, kwa saa za nani, na kwa vifaa vya nani.

KWA NINI BRASHI HUKAUKA

Sisi watu wa reli twaishi na rangi. Reli hii ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901, na tangu siku hizo chuma chake hakina rafiki ila rangi. Daraja lisilopakwa huliwa na kutu. Behewa lisilopakwa hutoboka. Na kibao cha stesheni chenye jina la mahali na kimo chake juu ya bahari kisipopakwa, msafiri hajui alipofika. Kazi hizi zote hupita katika nywele za brashi.

Sasa tazameni brashi yenyewe. Ina mpini, ina pete ya bati, na ina nywele. Pale nywele zinapoingia katika bati tutapaita shina. Kumbukeni neno hili shina, maana brashi haifi nchani, hufa shinani. Ncha ikishika rangi kidogo yaweza kuoshwa. Lakini rangi ikiingia shinani ikakauka, husukuma nywele huku na huku, brashi ikafumbuka kama mdomo wa samaki, wala haipigi tena mstari ulionyoka.

Rangi ziko namna mbili kubwa, na kila moja hukauka kwa njia yake. Wengi wetu hatukufundishwa hivyo. Twaona rangi imekauka, twadhani zote ni sawa.

Rangi ya maji, ile ya kuta za ofisi na nyumba za wafanyi kazi, hukauka maji yanapotoka. Ndani yake mna vitone vidogo sana vya gundi. Maji yakiisha kutoka, vitone hukaribiana, vikashikana, vikawa ngozi moja. Ngozi hiyo ikishakuwa, maji hayawezi kuitenganisha tena.

Rangi ya mafuta, ile ya chuma, milango na mabehewa, haikauki kama nguo iliyoanikwa. Ni kweli tapentaini iliyomo huruka hewani kwanza. Lakini mafuta yenyewe hayaruki. Huvuta oksijeni katika hewa, yakabadilika, yakawa kitu kingine kigumu. Ni kama ugali. Unga ukisha kuiva ukawa ugali, hata ukitia maji namna gani haurudi kuwa unga. Ndiyo sababu brashi iliyokaa wiki nzima na rangi ya mafuta ukiitumbukiza katika tapentaini hailainiki. Tapentaini huyeyusha rangi iliyo mbichi, iliyoiva haiiwezi.

Basi hapa mwajua jambo kubwa kuliko yote tutakayosema: brashi huokolewa kwa saa, si kwa nguvu. Saa moja ya kwanza, kitambaa na maji au tapentaini kidogo vyatosha. Kesho, itataka kulowekwa usiku kucha. Baada ya mwezi, itataka dawa kali, na labda haitapona. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

KWANZA ITAMBUENI RANGI

Mkiletewa brashi ngumu, msikimbilie dawa. Kwanza ulizeni: hii ni rangi gani? Chukueni kitambaa cheupe, kitieni spiriti kidogo, sugueni mahali pamoja kwa nguvu. Ikiwa rangi inalainika, inanata, au inaacha alama katika kitambaa, mara nyingi hiyo ni rangi ya maji. Ikiwa haijali kabisa, hiyo ni rangi ya mafuta iliyoiva.

Pili tazameni nywele. Nyingine ni za mnyama. Nywele za nguruwe ndizo zilizosifiwa miaka mingi, nyingi zikitoka China, kwa sababu ncha ya kila unywele imepasuka kwa asili, nayo hushika rangi vizuri. Lakini zikikaa katika maji hunywa maji zikalegea, kwa hivyo hufaa zaidi rangi ya mafuta. Nyingine ni za nailoni na namna zake, ambazo hufaa rangi ya maji. Tena ndugu zetu Waislamu wasiotaka kushika nywele za nguruwe wana haki ya kuomba brashi za nailoni, wala stoo haina sababu ya kuwanyima.

Tatu, zikunjeni nywele polepole kwa kidole. Zikikataa kupinda lakini hazikatiki, brashi ina matumaini. Zikikatika kama majani makavu, msipoteze dawa.

BRASHI YA RANGI YA MAJI

Kama imekauka jana tu, itieni katika maji ya vuguvugu yenye sabuni hata asubuhi. Kisha chaneni kwa kitana cha chuma au kwa uma wa zamani, kuanzia shinani kwenda nchani. Msichane kinyume, mtang'oa nywele.

Kama imekauka zamani, tumieni spiriti. Mimineni katika mkebe wa kioo au wa bati kiasi cha kufunika nywele hata shinani, funikeni mdomo wa mkebe ili isiruke, ngojeni saa moja. Toeni, chaneni, futeni. Mara ya kwanza itatoka rangi ya nje tu. Rudisheni tena. Mara ya tatu au ya nne ndipo shina huanza kufunguka. Mkiona imelegea, osheni kwa maji na sabuni mpaka povu litoke jeupe.

Lakini spiriti ni moto uliolala. Mwali wake mchana karibu hauonekani. Isitumiwe karibu na jiko, wala karibu na mtu anayevuta sigara, wala karibu na wenzetu wanaochomelea chuma.

BRASHI YA RANGI YA MAFUTA

Kama ni ya siku moja au mbili, bado haijaiva yote. Ininginizeni katika tapentaini usiku kucha. Twasema ininginizeni, hatusemi isimamisheni. Toboeni tundu katika mpini, pitisheni waya, waya ulale juu ya mdomo wa mkebe, na ncha za nywele zisiguse chini. Brashi ikisimama juu ya nywele zake hupinda, na ikipinda hivyo usiku kucha hainyooki upesi.

Kama imeiva kabisa, kuna njia mbili ambazo fundi maskini aweza kuzijaribu bila kununua dawa za dukani.

Njia ya kwanza ni siki. Pasheni siki moto katika chombo kisichotumika tena kwa chakula, hata ianze kutoa mvuke. Ondoeni motoni, tieni brashi, ikae nusu saa. Msiichemshe brashi yenyewe, maana kinachoshika nywele ndani ya bati chaweza kulegea. Kisha chaneni. Siki haiyeyushi rangi yote, ila mara nyingi hulegeza kiasi cha kuweza kuichana vipande vipande. Mahali penye hewa, tafadhali. Mvuke wa siki huuma macho.

Njia ya pili ni magadi, na hii yatuhusu sisi watu wa reli, maana njia ya tawi ya kutoka Konza kwenda Ziwa Magadi ilijengwa kwa ajili ya kuyachukua magadi hayo. Magadi huyageuza mafuta ya rangi yakawa kitu kama sabuni, kwa hivyo huivunja rangi ya mafuta ambayo tapentaini imeshindwa nayo. Koroga vijiko 2 vikubwa katika lita 1 ya maji ya vuguvugu, ning'iniza brashi, tazama kila baada ya nusu saa, uchane kidogo kidogo.

Lakini sikizeni maonyo manne ya magadi. La kwanza, yaweza kuila nywele ya mnyama kama yanavyoila rangi. Yakiwa makali, au brashi ikiachwa humo siku kucha, mtatoa mpini usio na nywele. Ya nailoni huvumilia zaidi. La pili, msiyatie katika sufuria ya alumini, maana magadi huila alumini. Tumieni ndoo ya plastiki au mkebe wa bati. La tatu, vaeni glavu na miwani, maana tone moja machoni ni msiba. La nne, msichanganye magadi na siki katika chombo kimoja mkidhani dawa mbili ni bora kuliko moja. Yatatoa povu jingi, kisha kila moja imeua nguvu ya mwenzake. Siki kidogo katika maji mengi yafaa baadaye, wakati wa kusuuza, ili kuondoa magadi yaliyobaki katika nywele.

VITU VINAVYOUA FUNDI

Sasa twasema neno zito. Brashi yaweza kununuliwa nyingine, fundi hanunuliwi.

Wako wanaoosha brashi kwa petroli kwa sababu ni rahisi kupatikana. Ndugu, acheni. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini sakafuni kama nyoka mpaka ukutane na moto ulio mbali nawe, kisha moto hurudi kwa njia ile ile mpaka ulipo. Tena mna sumu ndani yake ambayo hupita katika ngozi ya mikono.

Wako wanaotumia thina kali ndani ya chumba kilichofungwa. Kichwa kikianza kuuma, au mtu akianza kucheka bila sababu, si uchovu huo, ni mvuke umempanda. Mtoeni nje kwenye hewa.

Iko dawa ya kung'oa rangi inayoitwa methilini kloraidi. Ina nguvu sana, lakini mwili huigeuza ikawa gesi ile ile ya jiko la makaa lililofungiwa chumbani. Marekani ilikataza mwaka 2019 isiuzwe kwa watu wa kawaida kwa kazi ya kung'oa rangi, kwa sababu watu walikufa kwayo. Mkiona jina hilo katika mkebe, brashi haistahili hatari hiyo.

Tena, rangi nyingi za zamani juu ya madaraja na mabehewa zilikuwa na risasi ndani yake, hasa ile nyekundu ya kuzuia kutu. Brashi kuukuu msiyoijua ilitoka wapi msiikwangue ikiwa kavu. Iloweni kwanza, ili vumbi lisipae. Nawaneni kabla ya kula, na nguo za kazi zisiende nyumbani kwa watoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Na tangu mwaka 1989 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kazi ya kupaka rangi miongoni mwa mambo yanayojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Hatusemi haya ili mwache kazi. Twasema ili mwidai hewa safi, glavu na barakoa bila kuona haya.

Na kitambaa kilichofuta mafuta ya rangi kisikunjwe kikatupwa pembeni. Yale mafuta yakivuta oksijeni hutoa joto, na katika rundo la vitambaa joto halina pa kutokea. Rundo huweza kuwaka lenyewe usiku, bila mtu kuliwasha. Vitandazeni nje vikauke, au vitieni katika debe lenye maji na kifuniko.

KUMALIZA KAZI

Brashi ikisafika, ioshe mara ya mwisho kwa sabuni, isuuze, izungushe katikati ya viganja ili maji yaruke, ichane inyooke, kisha ifunge kwa karatasi ili ishike umbo lake. Itundike nywele zikitazama chini. Ile tapentaini chafu usiimwage mferejini. Iache katika mkebe uliofunikwa siku chache. Rangi itashuka chini, na iliyo safi itabaki juu, uimimine uitumie tena.

Na brashi isiyofufuka? Msiitupe upesi. Brashi iliyokataa kupaka mlango yaweza kupaka grisi, kufagia vumbi la kutu, au kupaka lami. Mwandike tu katika daftari kwamba imeshushwa cheo, ili kesho asilaumiwe mtu.

Lakini afadhali isifike huko. Mkitumia brashi, tumbukizeni nusu ya urefu wa nywele tu, isizidi, rangi isipande shinani. Mkienda kula, ifungeni kwa karatasi ya plastiki isipate hewa. Kama kesho mtaendelea na rangi ile ile ya mafuta, yaweza kuning'inizwa ndani ya maji usiku kucha: maji hayaioshi, bali yanaizuia isipate hewa, na rangi isiyopata hewa haiivi. Asubuhi mnaikung'uta maji na kuifuta kabla ya kuitia katika rangi.

DAKIKA 10 NI ZA NANI?

Tumefika kwenye shina la maneno yetu. Tumesema brashi huokolewa kwa saa. Basi saa hiyo ni ipi? Ni dakika 10 za mwisho kabla ya king'ora. Ikiwa msimamizi anamwambia fundi apake mpaka king'ora kilie, brashi itaoshwa lini? Fundi atachagua moja kati ya mawili: aioshe kwa wakati wake mwenyewe bila malipo, huku gari la kumpeleka nyumbani linaondoka, au aiache, na kesho aandikwe "ameharibu".

Chama chasema hivi: kuosha brashi ni kazi. Si kazi ya hisani, wala si adabu tu ya fundi mwema. Ni sehemu ya kupaka rangi, kama kunoa panga kulivyo sehemu ya kufyeka. Kwa hivyo ifanywe katika saa za kazi, na kwa vifaa vya kazi. Tapentaini, sabuni, kitana, mikebe yenye vifuniko, glavu: hivyo vyote vitoke stoo pamoja na brashi, si siku nyingine.

Na juu ya kukatwa mshahara, fahamuni sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la kukusudia la mfanyi kazi. Shikeni maneno hayo: kosa la kukusudia. Mtu aliyenyimwa tapentaini na kunyimwa wakati hakukusudia. Akiletewa karatasi ya kutia sahihi kwamba amekubali kukatwa, asitie sahihi upesi. Amwone kwanza mwakilishi wa Chama. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yamtaka mwajiri atoe mavazi ya kujikinga mahali penye vitu vya kudhuru, na penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Pelekeni habari ya thina na chumba kisicho na madirisha mbele ya kamati hiyo, kwa maandishi, na nakala mbaki nayo.

Lakini ndugu, haki ina pacha wake, naye ni wajibu. Tukipewa dakika 10, tusizitumie kupiga soga langoni. Tukipewa tapentaini, isiende nyumbani katika chupa ya soda. Mtoto aweza kuinywa, na mwajiri atapata neno la kusema juu yetu sote. Fundi asiyeosha brashi aliyopewa wakati na vifaa vya kuiosha anamvunjia heshima mwenzake anayesimama mbele ya msimamizi kuitetea kazi yetu. Chama hakiwezi kutetea brashi chafu kwa mikono michafu.

Tumeafikiana mambo haya, na kila stesheni ijaribu kuyafanya. Kila fundi aandike katika daftari siku aliyopewa brashi, ilikuwa mpya au kuukuu, na alipewa nini cha kuioshea. Karani wa stoo atie sahihi. Kila mzee wa kazi achukue kijana mmoja amfundishe kuchana na kutundika. Na wawakilishi wetu waulize, katika mkutano ujao na wakubwa, juu ya dakika 10 na juu ya yule kijana aliyekatwa fedha zake. Hilo halijaisha, wala hatutaliacha.

Aliye na swali aulize sasa. Na aliye na brashi ngumu, tumeweka ndoo na kitana pale mlangoni. Ailete tuijaribu pamoja.

 Umoja ni nguvu.